Jinsi ya kusoma Ars Conjectandi ya mwaka 1713 ukiwa na kalamu mkononi

Ars Conjectandi, yaani Sanaa ya Kukisia, ni kitabu cha Kilatini kilichochapwa mjini Basel, Uswisi, mwaka 1713. Mwandishi wake, Jakob Bernoulli, alikuwa profesa wa hisabati wa chuo kikuu cha mji huohuo. Kitabu kilipotoka yeye alikuwa kaburini miaka minane: alifariki tarehe 16 Agosti 1705, akaacha muswada ambao sehemu yake ya mwisho haijakamilika. Mpwa wake Nicolaus, naye mwanahisabati, ndiye aliyeandika dibaji. Hesabu za uwezekano tulizofundishwa sekondari, za dadu na mipira ya rangi ndani ya mfuko, nyingi zimepitia humu.

Nakala za toleo hilo la kwanza ni adimu. Nyingi zimehifadhiwa na maktaba kubwa za Ulaya na Marekani, na ikitokea moja ikaingia mnadani huondoka kwa maelfu mengi ya dola. Hata hivyo, kila ukurasa wake umeshapigwa picha, na mwenye simu na bando anaweza kuusoma akiwa Tandika au Kisumu. Kinachowazuia watu ni woga wa Kilatini na wa hesabu za kale. Nimeuandika mwongozo huu kwa sababu naamini woga huo hauna msingi. Mtu aliyemaliza kidato cha nne akapenda hisabati anaweza kukaa na kitabu hiki na kuyahakiki mambo yake makuu kwa mkono wake mwenyewe. Tena humo ndani kuna hesabu moja iliyochapwa kimakosa, na wewe utaikamata kwa dakika moja.

Andaa daftari, kalamu, kikokotoo cha kawaida, na kokoto tano: tatu nyeupe, mbili nyeusi, zenye ukubwa unaolingana. Kokoto hizo utazihitaji mwishoni.

Hatua ya 1: Pata picha za kitabu chenyewe

Ingia e-rara, maktaba ya kidijitali ya vitabu vya kale vya Uswisi, utafute jina la kitabu. Kipo pia Internet Archive. Usikimbilie kupakua faili zima, maana picha za vitabu vya kale huwa nzito na zitakumalizia bando kabla hujasoma neno. Fungua ukurasa mmoja mmoja mtandaoni, kisha hifadhi kurasa nitakazokutajia.

Hakikisha unachotazama ni toleo la 1713. Ukurasa wa jina una maneno *Opus Posthumum*, yaani kazi iliyotoka baada ya kifo cha mwandishi. Chini kabisa pameandikwa *Basileæ, Impensis Thurnisiorum, Fratrum*: Basel, kwa gharama za ndugu wa Thurneysen, ambao ndio wachapaji. Mwaka wenyewe haukuandikwa kwa tarakimu tulizozoea, umeandikwa cIↄ Iↄcc xiii. Alama ya kwanza, herufi I iliyobanwa na c mbili zinazotazamana, ni 1000. Ya pili, I yenye c moja iliyogeuzwa, ni 500. Ongeza cc ambayo ni 200, na xiii ambayo ni 13, unapata 1713. Vitabu vingi vya Kilatini vya wakati ule huandika mwaka hivi, kwa hiyo ukishaijua hapa utaisoma popote.

Hatua ya 2: Zoea sura ya ukurasa

Tumia nusu saa kutazama kurasa tu, bila kujaribu kuelewa. Utaona herufi inayofanana na f lakini haina kijiti kamili cha katikati: hiyo ni s ya zamani, inayotumika mwanzoni au katikati ya neno. Chini ya kila ukurasa, pembeni kulia, kuna neno au kipande cha neno ambacho ndicho kinachoanza ukurasa unaofuata. Kiliwekwa kumsaidia mfunga vitabu asichanganye karatasi, na wewe kitakusaidia kujua kama aliyepiga picha karuka ukurasa.

Kwenye hesabu, zingatia mambo matatu. Namba n ikizidishwa kwa yenyewe huandikwa *nn*, lakini kuanzia kipeo cha tatu kwenda juu kipeo huandikwa kama tunavyoandika sisi. Alama ya usawa si mistari miwili, ni umbo linalofanana na nane iliyolala, desturi iliyotoka kwa Descartes, mwanahisabati Mfaransa. Na ile alama ndefu ya ∫, ambayo leo tunaitumia kwa hesabu za integrali, humu maana yake ni jumla tu: ∫n ni 1 + 2 + 3 kuendelea hadi n.

Kuhusu lugha, usijinyime msaada. Tafsiri kamili ya Kiingereza ni ya Edith Dudley Sylla, ya mwaka 2006. Ya Kijerumani ni ya Robert Haussner, ya 1899. Oscar Sheynin alitafsiri sehemu ya nne kwa Kiingereza mwaka 2005, na hiyo ndiyo sehemu utakayoitumia zaidi. Weka tafsiri upande mmoja na picha ya kitabu upande wa pili. Msingi wako uwe picha, kwa sababu kuna vitu, kama lile kosa la uchapaji, ambavyo ni lazima uvione vilivyochapwa.

Hatua ya 3: Jua vitu vilipo

Kitabu kina sehemu nne. Ya kwanza inaishia ukurasa wa 71, ya pili ni 72 hadi 137, ya tatu 138 hadi 209, ya nne 210 hadi 239. Kuanzia 241 hadi 306 kuna maandishi mengine kabisa ya Bernoulli, kuhusu mifululizo isiyo na mwisho. Kisha hesabu ya kurasa inaanza upya, 1 hadi 35: hiyo ni barua ya Kifaransa kuhusu namna ya kupima nafasi za wachezaji wa tenisi ya zamani. Mifululizo na barua ni vizuri, ila viachie siku nyingine.

Tazama jinsi sehemu ya nne ilivyo fupi, kurasa 30 tu. Humo ndimo Bernoulli alimoweka jambo alilosema amelitunza kwa miaka ishirini bila kulitoa. Nakushauri usome sehemu ya kwanza kidogo, ukurasa mmoja wa sehemu ya pili kwa makini sana, uipite ya tatu, kisha ukae na ya nne.

Hatua ya 4: Anza na Huygens

Sehemu ya kwanza kwa asili si ya Bernoulli. Ni kijitabu cha Christiaan Huygens wa Uholanzi, kilichochapwa Leiden mwaka 1657 ndani ya kitabu cha mwalimu wake Frans van Schooten. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1654, wanahisabati Wafaransa Pascal na Fermat walikuwa wameandikiana barua kuhusu namna ya kugawana dau la mchezo uliokatizwa. Huygens akaandika kanuni 14 na kumalizia na maswali matano bila kuyaeleza. Bernoulli alikichapa kijitabu chote tena, na baada ya kila kanuni akaweka maelezo yake, mengine marefu kuliko kanuni yenyewe.

Usome kanuni nne tu kwa sasa. Ya kwanza ndiyo mzizi: mtu akificha shilingi 3 mkono mmoja na 7 mkono wa pili, akakwambia chagua, bahati yako ina thamani ya shilingi 5. Ya tatu inaipanua. Ukiwa na nafasi 3 za kupata 13 na nafasi 2 za kupata 8, zidisha 3 kwa 13, upate 39, zidisha 2 kwa 8, upate 16, jumlisha, 55, gawa kwa nafasi zote tano. Jibu ni 11. Hili ndilo tarajio, na kwangu mimi ni kipimo ambacho kila kijana anayebeti kwenye simu angepaswa kukijua kabla hajatuma hata shilingi mia. Chukua ofa yoyote, orodhesha nafasi na malipo yake, fanya hesabu ya kanuni ya tatu, kisha ulinganishe na dau.

Kanuni ya kumi inauliza: utupe dadu moja mara ngapi ili iwe na faida kudai kwamba sita itatokea angalau mara moja? Fanya hivi. Nafasi ya kukosa sita kwa mtupo mmoja ni 5/6. Kwa mitupo mitatu ni 125/216, zaidi ya nusu, kwa hiyo unapoteza. Kwa minne ni 625/1296, chini ya nusu. Jibu ni minne. Kanuni ya kumi na moja inauliza hivyohivyo kwa dadu mbili na sita mbili kwa pamoja. Wengi hukisia 24, kwa kuwa 36 ni mara sita ya 6 na 24 ni mara sita ya 4. Chukua kikokotoo uzidishe 35/36 kwa yenyewe mara 24: unapata karibu 0.509, bado unapoteza. Mara 25 ni karibu 0.494. Tofauti ni ndogo mno kuonekana kwa macho mezani, na ndiyo maana hesabu inahitajika.

Kama una hamu zaidi, nenda kwenye swali la tano kati ya yale matano ya mwisho. Wachezaji wawili wana vipande 12 kila mmoja, wanatupa dadu tatu. Ikija 14 mmoja anapata kipande cha mwenzake, ikija 11 inakuwa kinyume chake, na namba nyingine hazihesabiwi. Nani atammaliza mwenzake? Kuna njia 15 za kupata 14 na njia 27 za kupata 11. Nafasi zao zinalingana kama 15 kwa 27, yaani 5 kwa 9, zikiinuliwa hadi kipeo cha 12: 244,140,625 kwa 282,429,536,481. Mwenye 14 ana nafasi chini ya moja kati ya elfu moja, ingawa katika mtupo mmoja alionekana kuzidiwa kidogo tu. Hapo ndipo anapoangamia mchezaji anayeendelea kucheza akiwa na kasoro ndogo upande wake.

Hatua ya 5: Ukurasa wa 97

Sehemu ya pili inahusu njia za kupanga na kuchagua vitu. Kabla ya ukurasa wa 97, simama kwa mshairi mmoja. Bernoulli anachukua mstari wa Kilatini wa maneno manane unaomsifu Bikira Maria, *Tot tibi sunt dotes, Virgo, quot sidera caelo*, na kuuliza maneno hayo yanaweza kubadilishwa nafasi mara ngapi bila kuharibu mizani. Mipangilio yote ni 40,320. Wataalamu kadhaa waliomtangulia walihesabu wakatoka na majibu yanayopingana. Yeye alipata 3,312.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwani mizani tunaijua tangu shule ya msingi. Chukua kipande cha mizani minane: *Bahari ina mawimbi*. Maneno matatu hupangika kwa njia sita, na zote zina mizani minane, maana kwetu tunahesabu silabi. Lakini ukidai kina cha *mbi* kibaki mwishoni, zinabaki njia mbili: *bahari ina mawimbi* na *ina bahari mawimbi*. Sharti moja limekata sita hadi mbili. Jaribu na vipande vyenye maneno manne na matano kutoka tungo unazozikumbuka, ukiongeza sharti la kina cha kati na cha mwisho. Ukimaliza zoezi hilo, utakuwa umeshika nusu ya sehemu ya pili.

Sasa fungua ukurasa wa 97. Utaona orodha iliyopangwa kama ngazi: jumla za n, za nn, za n³, hadi kipeo cha kumi. Pale ambapo kipeo fulani hakipo, mchapaji kaweka nyota. Chini ya orodha Bernoulli anaonyesha kwamba ngazi nzima inaendeshwa na namba chache: 1/6, −1/30, 1/42, −1/30 na kuendelea. Hizo ndizo leo huitwa namba za Bernoulli. Mwaka 1843 Mwingereza Ada Lovelace alizichagua ili kuonyesha mashine ya kukokotoa iliyobuniwa na Charles Babbage ingeweza kufanya nini.

Kazi yako ni kuhakiki kila mstari. Njia ni rahisi: weka n kuwa 1. Jumla ya kitu kimoja, yaani 1 peke yake, ni 1, kwa hiyo namba zote zinazozidisha vipeo katika mstari mmoja lazima zijumlike kuwa 1. Mstari wa nn una 1/3, 1/2 na 1/6: jumla 1, uko sawa. Endelea kushuka. Ukifika kwenye mstari wa n⁹ utakuta 1/10, 1/2, 3/4, −7/10, 1/2, na mwisho −1/12. Jumlisha: 0.1 + 0.5 + 0.75 − 0.7 + 0.5 inakuwa 1.15. Ili ibaki 1 unahitaji kutoa 0.15, yaani 3/20. Kitabu kinatoa 1/12. Kwa hiyo −1/12 ni kosa, sahihi ni −3/20. Mstari unaofuata, wa kipeo cha kumi, uko sawa kabisa: 1/11 + 1/2 + 5/6 − 1 + 1 − 1/2 + 5/66. Ujumlishe mwenyewe uone.

Usiondoke hapo bado. Bernoulli anasema kwamba kwa kutumia mstari huo wa mwisho alijumlisha vipeo vya kumi vya namba 1,000 za kwanza kwa muda usiofika nusu ya robo saa, yaani chini ya dakika saba na nusu. Jibu alilochapa ni hili:

91,409,924,241,424,243,424,241,924,242,500

Je, inawezekana? Inawezekana, kwa sababu alichagua 1,000. Vipeo vya 1,000 ni moja na sifuri nyingi, kwa hiyo hakuna kuzidisha. Unaandika 1/11 kama 90909 zinazojirudia, 5/6 kama 8333, na kuzipanga kila moja mahali pake. Hakiki tarakimu tatu za mwisho. Sehemu ya 1/11 inaishia 090.9090…, ya 5/6 inaishia 333.3333…, ya 5/66 ni 75.7575…, na sehemu nyingine hazigusi mwisho huo. Desimali za hizo tatu zinajumlika kuwa 2 kamili. 90 + 333 + 75 + 2 ni 500. Tarakimu zimekubali. Ukiwa na subira, ipange namba yote kwenye karatasi ya miraba, tarakimu 32 kwa upana, ujitazamie saa.

Hatua ya 6: Pita sehemu ya tatu

Kuna maswali 24 ya michezo ya karata na dadu, ukiwemo mchezo wa Bassette uliokuwa ukifilisi watu kwenye majumba ya wakubwa. Kama unafundisha, chukua mawili au matatu uwape wanafunzi. Vinginevyo geuza kurasa.

Hatua ya 7: Kaa na sehemu ya nne

Kichwa chake kinasema itatumia mafundisho yaliyotangulia kwenye mambo ya kiraia, ya kimaadili na ya kiuchumi. Kuanzia hapa dadu zinawekwa kando, anaingia hakimu, tabibu na mwenye meli.

Ukurasa wa 211 utafute sentensi inayoanza *Probabilitas enim est gradus certitudinis*: uwezekano ni daraja la uhakika, nao hutofautiana na uhakika kama sehemu inavyotofautiana na kitu kizima. Inakili daftarini. Kabla ya hapo waandishi walipima thamani ya bahati katika mchezo. Huyu anapima tunajua kiasi gani, na kipimo chake kinaanzia sifuri hadi moja.

Sura ya pili ina kanuni za kukisia, na zinasomeka bila hesabu yoyote. Pale ambapo uhakika unapatikana, usikisie. Kusanya kila ushahidi, usiishie kwenye mmoja. Tazama unaounga mkono na unaopinga pia. Mfano wake ni meli tatu zilizoondoka bandarini, kisha ikaja habari kwamba moja imezama. Ni ipi? Ukihesabu meli tu, zote zina nafasi sawa. Lakini ukikumbuka kwamba moja ilikuwa imechakaa na kuoza, matanga yake mabovu, na nahodha wake mgeni wa kazi, hukumu inabadilika. Isome polepole, kisha uandike mfano wako wa hapohapo ulipo ukitumia kanuni hizo. Mwishoni mwa sura anapendekeza kwamba mamlaka ziwawekee mahakimu kiwango cha uhakika wa kutosha kutoa hukumu: 99/100 au 999/1000. Ishike namba hiyo ya pili, inarudi baada ya kurasa chache.

Sura ya nne inauliza swali zito. Kwenye dadu tunajua pande ni sita. Kwenye magonjwa nani anajua kuna "pande" ngapi? Bernoulli anajibu: hesabu yaliyokwisha kutokea. Kama watu 300 wenye umri na hali ya Titius, mtu wake wa mfano, walichunguzwa, na 200 kati yao wakafa ndani ya miaka kumi, basi nafasi za Titius kufa ndani ya muda huo ni mara mbili ya nafasi za kuishi. Anakiri kwamba hata mtu mjinga kabisa anajua kwa hisia ya asili kuwa uchunguzi mwingi ni bora kuliko mchache. Anachotaka yeye ni kuthibitisha: je, kwa kuongeza uchunguzi, uhakika unaongezeka bila kikomo, au kuna mahali unagota?

Jibu liko sura ya tano. Uhakika haugoti. Ukitaja kiwango chochote cha uhakika, ipo idadi ya majaribio itakayokufikisha. Mwaka 1713 hakuna aliyekuwa amethibitisha hilo kabla. Uthibitisho ni mrefu, una hoja ndogo tano za kutangulia (lemma). Usome mara ya kwanza ukifuata tu maneno, mara ya pili na kalamu. Mfano wake ni chungu chenye kokoto nyeupe na nyeusi kwa uwiano wa 3 kwa 2, unachota moja, unatazama, unarudisha. Anataka nyeupe ziwe kati ya 29/50 na 31/50 ya michoto yote, na anataka nafasi ya kufanikiwa izidi ya kushindwa mara 1,000. Jibu lake: michoto 25,550. Ukitaka mara 10,000, michoto 31,258. Mara 100,000, michoto 36,966.

Hatua ya 8: Toa kokoto zako

Weka zile kokoto tano kwenye chungu, kopo au mfuko usiopenya mwanga. Tikisa, chota moja bila kutazama, andika rangi, irudishe. Fanya michoto 50. Je, nyeupe ni kati ya 29 na 31? Hilo hutokea kama mara moja kati ya tatu, kwa hiyo usivunjike moyo. Shirikiana na wenzako au darasa zima hadi mfikishe 500: sasa nyeupe kuwa kati ya 290 na 310 hutokea karibu mara mbili kati ya tatu. Anayejua kuandika programu ndogo aiagize kompyuta ichote 5,000, arudie mara nyingi. Nyeupe kuwa kati ya 2,900 na 3,100 hutokea karibu mara 996 katika kila 1,000.

Hapo utagundua jambo. Kwa michoto 5,000 tu tumekaribia kiwango ambacho Bernoulli alikitakia 25,550. Hesabu za leo zinaonyesha michoto 6,500 hivi ingetosha. Yeye alitumia makadirio ya tahadhari ili uthibitisho usiwe na ufa, na namba ikavimba. Baada ya mfano huo sehemu ya nne inaishia sentensi chache mbele. Yale mambo ya kiraia na ya kiuchumi aliyoyaahidi hayamo.

Hatua ya 9: Soma pingamizi la Leibniz

Kati ya 1703 na 1705 Bernoulli na Leibniz, mwanafalsafa na mwanahisabati Mjerumani, waliandikiana kuhusu jambo hili, na barua hizo zinapatikana zimetafsiriwa. Leibniz hakukubali kirahisi. Alisema magonjwa mapya huzuka, na ukishahesabu vifo vingi kiasi gani, hujaiwekea maumbile mipaka ya baadaye. Bernoulli alijibu kwamba magonjwa yakibadilika, itabidi uchunguzi mpya ufanywe, ila aliyekisia kwa ushahidi wa zamani hakukosea kwa wakati wake. Aliomba pia mara kadhaa aazimwe kijitabu cha Jan de Witt, kiongozi wa Uholanzi, cha mwaka 1671 kuhusu malipo ya maisha yote, apate takwimu halisi. Hakukipata hadi anakufa. Zisome barua hizi baada ya sura ya tano, si kabla, ili uweze kumpima Leibniz ukiwa na uthibitisho kichwani. Mimi naona pingamizi lake lina nguvu, na jibu la Bernoulli linatosha nusu tu: chungu chake hakibadilishi kokoto, dunia inabadilisha.

Ukikutana na nakala ya karatasi

Ikitokea uko karibu na maktaba yenye kitabu hiki, omba kukiona; maktaba nyingi za vitabu adimu hupokea msomaji yeyote anayejitambulisha na kueleza anachotafuta. Andika mapema utaje kurasa unazozitaka. Nawa mikono na uikaushe, acha kalamu ya wino mlangoni na utumie penseli, kiweke kitabu kwenye mto wake bila kukilazimisha kulala wazi. Glavu kwa kawaida hazitakiwi kwa karatasi, kwa kuwa zinapunguza hisia za vidole na karatasi inachanika. Angalia karatasi za kukunjwa, ambazo kwenye picha za mtandaoni mara nyingi hupigwa zikiwa zimefungwa, na kama barua ya tenisi ya kurasa 35 bado imo.

Cha kusoma baada yake

Nenda kwa Abraham de Moivre. Alikuwa Mfaransa mkimbizi wa dini aliyeishi London akifundisha hisabati, na kitabu chake, The Doctrine of Chances, kilitoka mwaka 1718 kwa Kiingereza, kwa hiyo Kilatini hakitakusumbua tena. Tafuta toleo la pili, la mwaka 1738. Ndani yake kuna tafsiri ya karatasi fupi aliyoichapa kwa Kilatini mwaka 1733, na humo ndimo lilimo kadirio linaloishusha ile 25,550 hadi maelfu machache. Anza na ukurasa huo, ukiwa na daftari lako la kokoto pembeni.